Saa 15 za Nani?

Kuna namba moja ambayo kijana wa Kakuma hawezi kuisahau hata umwamshe usiku wa manane. Si namba ya kesi yake wala ya kadi ya chakula. Ni 15. Muulize, "Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi?" Atakujibu kabla hujafunga mdomo: "Kumi na tano, bila kusimama." Atakuongezea na ndege yenyewe, Boeing 787, na kwamba Kenya Airways ilianza safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Wengine wanajua mpaka kilomita, 11,800 na ushee. Watakueleza pia kwamba kurudi ni kama saa 14, kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa kambini. Sina digrii, nilimaliza sekondari hapa hapa, lakini masikio niko nayo. Hii namba naisikia kwenye foleni ya maji, kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwenye mazoezi ya mpira. Na nimechoka nayo. Acha niseme wazi, na atakayeudhika, kurasa za jarida letu ziko wazi kwake pia: kwetu sisi, hiyo 15 ni uongo. Kwa rubani ni kweli. Kwa mfanyabiashara wa Nairobi mwenye viza ni kweli. Kwa mtu wa bloku ni uongo, na huo uongo unakula ujana wetu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upande.

Saa 15 zinahesabiwa kutoka uwanja wa ndege mpaka uwanja wa ndege. Mtu wa Nairobi anaamka, anaita teksi, anafika Jomo Kenyatta, anapanda. Sisi hata kufika kwenye huo uwanja ni safari inayotaka muhuri. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar peke yake ni kama kilomita 120, na Lodwar bado ni Turkana, Nairobi iko mbele sana. Bila kibali cha kutoka kambini, kile tunachokiita muvumenti, utashushwa kwenye basi kabla hujaiona Kitale. Ndugu msomaji, mtu ambaye anaomba ruhusa kwenda Kitale anahesabu masaa ya kwenda New York! Si tuwe wakweli kidogo?

Halafu kuna safari ya faili. Unapendekezwa na UNHCR. Unaitwa intavyuu, unaeleza vita vyako. Unaitwa tena mbele ya afisa wa Marekani, unaeleza vita vile vile, na ole wako ukosee mwezi. Kunafuata uchunguzi wa usalama, vipimo vya afya, mafunzo ya maisha ya huko, na kutafutiwa shirika la kukupokea. Kila karatasi ina siku yake ya kufa. Vipimo vya afya kwa kawaida vinaishi miezi 6. Vikiisha kabla karatasi nyingine hazijakamilika, unarudi kupigwa picha ya kifua upya. Mtoto akizaliwa, faili linafunguliwa tena. Ukioa, faili linaweza kusimama kabisa.

Sasa chukua mtu aliyengoja miaka 10. Hapa kwetu huyo si wa kushangaza, yuko karibu kila bloku. Miaka 10 ni siku 3,650. Gawanya kilomita 11,840 kwa hizo siku: inatoka kilomita 3 na kidogo kwa siku. Kwa saa moja ni kama mita 135. Kobe anatembea haraka kuliko hivyo, tena amebeba nyumba yake. Huo ndio mwendo halisi wa mkimbizi kwenda Marekani, na hapo tunamhesabia aliyefika. Katika muda huo huo ndege ingeweza kuruka kwenda New York mara 5,840.

Kuna hesabu nyingine ambayo vijana hawaifanyi. Chukua uzi, uvute juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi mpaka New York. Rubani hupinda hapa na pale kwa ajili ya upepo na anga zenye vita, lakini uzi wenyewe unapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo unaingia Bahari ya Atlantiki. Hiyo orodha isome polepole. Kaskazini mwa Uganda wapo wenzetu kwenye makazi yao. Sudan Kusini ndiko walikotoka majirani zetu tunaochota nao maji. Chad imejaa watu wa Darfur. Niger na Algeria ndiyo njia ya malori ya vijana waliochoka kungoja, na wengine mchanga uliwafunika huko. Yaani karibu nusu ya zile saa 15 ndege inapita juu ya vichwa vya watu kama sisi. Abiria wamefunga dirisha, wamelala.

Mtu ataniambia: kijana, dunia ni kubwa, kule ni mbali, mambo ya mbali lazima yachukue muda. Hapana. Hapo ndipo nataka tubishane.

Septemba 1959 hakukuwa na 787. Hakukuwa na safari ya moja kwa moja, ndege ilisimama njiani kujaza mafuta. Lakini wanafunzi 81 walipanda Nairobi wakashuka New York kwenye uwanja wa Idlewild, ule ule ambao leo unaitwa John F. Kennedy. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye alienda kwa mpango huo, yeye ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kenya ilikuwa bado koloni! Waliwezaje? Tom Mboya aliamua kwamba vijana watasoma, Wamarekani wenye nia wakachanga pesa, na mwaka 1960 familia ya Kennedy ikatia mkono. Mbali palikuwa mbali zaidi kuliko leo, na watu walifika.

Njoo karibu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, kuanzia tarehe 27. Watu waliokuwa na tarehe ya safari waliambiwa hakuna safari. Hiyo tarehe 27 Januari, sisi watu wa Kivu hatuwezi kuisahau kwa sababu nyingine: ndiyo siku M23 waliingia Goma. Kule mlango unafungwa, huku watu wetu wamebeba magodoro kichwani hawajui pa kwenda.

Sasa sikiliza. Tarehe 7 Februari ikatoka amri nyingine, kwamba Waafrikana, yaani wazungu wa Afrika Kusini, wapewe nafasi ya kwenda Marekani kama wakimbizi. Tarehe 12 Mei watu 59 walishuka karibu na Washington kwa ndege ya kukodiwa. Hesabu mwenyewe: siku 94 kutoka amri mpaka kutua. Na Johannesburg mpaka Washington ni kama kilomita 13,000, mbali kuliko Nairobi mpaka New York kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kisha kwa mwaka wa fedha wa 2026 nafasi za wakimbizi wote wa dunia zikawekwa 7,500, kutoka 125,000 za mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa wakatengewa hao hao.

Simchukii mtu aliyepanda ile ndege. Mimi naangalia saa tu. Waliokuwa mbali zaidi walitumia siku 94. Waliokuwa karibu zaidi bado wanahesabu miaka. Basi usiniambie tena habari ya umbali.

Angalia na milango ilivyofungwa. Baada ya Septemba 11, 2001, safari za wakimbizi zilisimama kwa miezi. Tarehe 27 Januari 2017 zikasimamishwa tena kwa amri. Machi 2020 zikasimama dunia nzima kwa sababu ya korona. Januari 2025 tena. Mara zote nne kilomita hazikuongezeka hata moja. Bahari haikupanuka. Kilichobadilika ni neno la watu waliokaa mezani. Umbali kati ya Kakuma na New York ni uamuzi, na uamuzi huo hatuushiki sisi.

Ndiyo maana naiita 15 uongo. Inakufanya uamini kwamba uko karibu, kwamba kimebaki kitu kidogo, kwamba unangoja ndege. Hungoji ndege, bana. Ndege ziko. Unangoja mtu ambaye hakujui, ambaye kesho anaweza kuamka na wazo lingine.

Na kungoja huko kunatufanya nini? Nitasema ninayoyaona kazini.

Kuna kozi ya kuchomelea vyuma hapa kituoni. Nafasi zilikuwa 20, zikajaa 14. Nilipita nyumba kwa nyumba. "Kaka, mimi niko na prosesi." "Mimi nimeshapigwa picha ya kifua." "Nitasoma kule kule." Mmoja wao nilimsikia akisema hivyo tukiwa bado shule. Leo ana miaka 26, bado anasoma kule kule.

Kuna vijana wawili wanaopendana, familia zinajua, kanisa linajua. Lakini wazee wamekataa ndoa kwa sababu kesi ni mbili na zikiunganishwa zitachelewa. Basi wanapendana kwa kujificha kama wezi, na mtoto akija atakuwa tatizo la faili kabla hajawa baraka ya nyumba.

Kuna baba aliyeuza kibanda chake Januari 2025 kwa sababu alikuwa na tarehe. Aliuza na mabati, na mizani, na baiskeli. Tarehe ikafutwa. Kibanda sasa ni cha mtu mwingine, na yeye ananunua chumvi hapo kwa deni.

Kuna mama ambaye hapandi mti wa kivuli mbele ya mlango wake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwanangu, nitampandia nani, na mimi ninaondoka?" Ameondoka miaka 12 sasa, amekaa palepale juani.

Halafu tunaambiwa subira huvuta heri. Wanaotuambia hivyo ni wageni wa mashirika na hata baadhi ya wachungaji wetu. Waswahili hawakuacha hapo, walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mbona hiyo ya pili haisomwi mkutanoni? Na walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Siku ya tatu ilipita zamani sana, na jembe hatujaliona. Kibali cha kazi ni safari nyingine, cha kutembea ni safari nyingine, na mwaka 2025 hata chakula cha kumngojesha mgeni kilipunguzwa.

Wengine wanadhani tunasafirishwa bure, ati tunapewa Marekani kama zawadi. Hapana. Mkimbizi anayechukuliwa na Marekani anatia saini mkopo wa nauli kabla ya kupanda. Hauna riba, ni kweli, lakini ni deni, na kama miezi 6 baada ya kufika anaanza kulipa. Wale unaowaona Jomo Kenyatta na mfuko mweupe wa IOM kifuani wananunua tiketi kama abiria wengine, ila wao wanalipa baadaye. Basi hata zile saa 15 si sadaka. Kama ninalipa nauli yangu, niko na haki ya kuuliza basi linaondoka lini.

Najua nitajibiwa vipi. La kwanza: unavunja watoto moyo. Mimi nasema moyo unavunjwa na anayemwambia mtoto "kesho" kwa miaka 9. La pili: mbona watu wamekwenda? Ndiyo, wamekwenda, wengi, na nilibeba mabegi yao mpaka uwanja wa ndege mdogo wa hapa Kakuma, na nilifurahi kwa dhati. Lakini UNHCR wenyewe wanasema wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia. Darasa la watu 100, hata mmoja hajatimia. Utajenga darasa zima juu ya huyo mmoja? La tatu: wewe una wivu, kesi yako imelala. Kesi yangu kweli imelala. Mimi sijalala nayo.

Basi nataka nini? Nataka mambo mawili, moja kwa wenye meza na moja kwetu.

Nyie wenye meza, serikali na mashirika: tupeni jibu. "Kesi yako inaendelea" si jibu, ni salamu. Mtu aambiwe faili liko hatua gani, kwa lugha anayoisoma, na kama limekataliwa aambiwe limekataliwa. Hapana inauma siku moja, labda mwezi. Kimya kinauma miaka. Na wakati mnafikiria, mwacheni mtu afanye kazi na atembee. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inazungumza juu ya haki ya kufanya kazi. Tunaomba ishuke kutoka kwenye kitabu ifike kwenye kibanda. Mtu anayengoja huku anafanya kazi hamgharimu mtu. Mtu anayengoja amekaa anawagharimu nyinyi chakula, na yeye anagharimika maisha.

Na sisi, vijana wenzangu. Sisemi mfute kesi. Mkiitwa, nendeni, mvae vizuri, mseme ukweli wenu. Kesi ikae kwenye faili, ndiyo kazi ya faili. Nyinyi msikae nayo humo ndani. Msichana akimpenda kijana na wako tayari, waoane, na faili lipige magoti mbele ya ndoa, sio ndoa mbele ya faili. Mama apande mti. Akiitwa kesho, jirani atakaa kivulini na kumkumbuka. Asipoitwa, kivuli ni chake. Ufundi utakaojifunza hapa utasafiri nawe bila kuzidisha uzito wa begi, na usiposafiri utakulisha hapa.

Wazazi, nanyi muache kutushikilia. Kila mara kijana akileta wazo la biashara mnamjibu "ngoja kwanza tuone." Tumeona. Tumeona 2017, tumeona 2020, tumeona 2025. Mnachongoja kuona ni nini tena?

Na ile namba? Sikatazi mtu kuijua. Ni elimu nzuri, jiografia na fizikia kwa pamoja. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, baada ya saa 15 inatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za huko, wakati wao wako kwenye baridi na sisi tuko mbele yao kwa saa 8. Mwalimu akiwapa watoto hilo swali, nitampigia makofi. Lakini mtu mzima akinijibu kwa hiyo namba nikimuuliza mipango yake ya mwaka huu, nitamwambia alichosoma hapa: hizo ni saa za rubani. Niambie za kwako.

Ile kozi ya kuchomelea bado ina nafasi 6. Inaanza Jumatatu, saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha vijana. Haihitaji kibali wala intavyuu. Njoo na kitambulisho chako na viatu vilivyofunika vidole.